Palipokwama Ulimi

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Msasa, na jina halikumkaa bure. Miaka yote kazi yake ilikuwa kusahihisha maandishi ya watu kabla hayajaingia mtamboni, na mkono wake ulikuwa mkali, jamani! Unampa ukurasa mzima anakurudishia nusu, na hiyo nusu ukiisoma unaona haya kwa yale uliyokuwa umeyarundika.

Alikuwa na mtindo wake. Anasoma kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi. Ulimi ukijikwaa tu, hapo hapo anakata. "Kikikwama mdomoni mwangu, kitamkwamia na msomaji," ndivyo alivyowaambia wenzake, nao wakaitika, maana nani angebishana na Msasa?

Kisha binti wa Msasa na mkewe akafariki. Mtoto wa pekee, bado yuko shule ya msingi, homa ya siku chache tu ikamzoa. Baba yake akaanza kumwandikia kitabu. Mama yake, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kalamu. "Niandikie mwanangu," alimwambia mumewe mara moja, akarudi kwenye nguo zake.

Mwanzoni aliandika kama mtu anayetapika, neno kwa neno, kila kilichokuja. Lakini mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Akaanza kusahihisha. Alijifungia chumbani akasoma kwa sauti, na kila ulimi ulipokwama akakata. Rasimu mpya ikishatoka, ya zamani anaitia motoni, asije akashawishika kuirudia. Ndivyo walivyofanya kiwandani. Kitabu kikapungua, kikazidi kung'aa.

Siku moja mchana alikisoma chote asijikwae popote. Akatoka kifua mbele.

"Mke wangu, kimeiva! Acha hiyo nguo usikilize."

Mkewe akatoa mguu kwenye cherehani, akakaa kusikiliza. Sauti ya Msasa ilitiririka mwanzo hadi mwisho. Alipofunga ukurasa wa mwisho, mkewe alikuwa anamtazama tu.

"Kizuri," akasema. "Kizuri sana. Lakini huyu mtoto ni wa nani?"

"Wa nani tena? Si wetu!"

"Wetu alikuwa akisimulia hadithi anacheka yeye kabla hajafika mwisho, mpaka leo hatujui ziliishaje. Huyo yuko wapi?"

"Pale nilipatoa."

"Na siku aliyokufichia viatu usiende kazini?"

"Palikuwa panakwama."

"Panakwama nini, baba?"

Akafungua mdomo amweleze, na hapo ndipo akili ilipomfunguka, maskini, maji yameshamwagika. Sentensi hazikuwa na ubaya wowote. Alikuwa anakwama kwa kilio. Kila kilipomkaba koo alidhani ni kosa la maandishi, akainua kalamu. Amemsahihisha mwanawe mpaka amemmaliza.

"Ule wimbo wake wa kuogea," mkewe akasema, "ule aliojitungia mwenyewe. Huo hukuutoa. Niambie hukuutoa."

Msasa aliinamisha kichwa.

"Basi useme sasa hivi, tuuandike upya. Ulianzaje?"

Alijaribu. Lo, alijaribu! Yalimjia maneno laini, yaliyonyooka, ya Msasa mwenyewe. La mtoto hata moja. Akafumba macho akajaribu tena, yakaja yale yale.

"Wewe je?" akauliza kwa hofu. "Si wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha?"

Mkewe akajifunika uso kwa ile nguo ya mteja.

"Mimi niliuachia, mume wangu. Ulikuwa unaniimbia kichwani kutwa kucha, unaniua. Nikajisemea, si umeshaandikwa? Nikaufukuza, kila ukija naufukuza, mpaka ukaacha kuja. Nilijua unao wewe."