Matoke ya Ubavuni mwa Pikipiki

Harufu ya matoke ilitufikia kabla ya moshi. Tulikuwa tumeiacha njia panda ya Kikorongo, jua la saa saba likitwanga lami, na nyuma yangu Mama Feresita, aliyekuwa amenishika kiuno, akanusa hewa.

"Masereka, nani anapika huku kwa pori?"

"Sijui, Mama," nikasema. Nilijua vizuri sana.

Mwaka ule, 2014, nilikuwa nikiendesha boda Kasese na nikimpenda binti yake, Phionah, hata chakula hakipiti kooni. Ndugu za marehemu baba yake walikuwa wanakutana Bwera jioni ile kuamua kama nimwoe, na neno la mwisho lilikuwa la mama. Yeye alikuwa Kasese kwa dada yake, nikajitolea kumrudisha. Roho ilikuwa juu kwa jambo moja tu. Dada yake, kama wanawake wengi wa mjini, alikuwa na kovu la ekzosi, lile bomba la moshi la pikipiki, kwenye shavu la mguu, na Mama alikwisha kuapa kwamba siku atakayochomwa yeye, Phionah haolewi na mtu wa boda.

Basi nikatumia akili. Asubuhi nilichuna maganda ya mgomba, nikayalowesha, nikaifunga ekzosi. Yakabaki mengi. Ubahili wa nini? Nikaifunga na injini yote, majani juu, kamba juu ya majani, kama wanawake wanavyofunga matoke ya harusi. Shafik, mwenzangu wa steji tunapongojea abiria, aliizunguka pikipiki akicheka mpaka akashika mti.

"Masereka, sasa itapumulia wapi? Hii injini inapozwa na upepo!"

"Wivu," nikamjibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa huku porini injini ikakoroma, ikapungua nguvu, ikazima. Nyati wawili walitutazama kutoka kwenye nyasi. Mama akashuka, akakagua mguu wake kwanza. Mzima kabisa. Kisha akainama kwenye lile furushi alilodhani ni mzigo wangu tu, lililokuwa likitokota.

"Weye! Umefunga injini sawa chakula?"

Nilipiga magoti kulibomoa kwa pupa, na kiganja changu kikaikumbatia ekzosi. Nilipiga ukelele hata nyati wakasogea. Mama akachomoa chupa yake ya maji.

"Usiimwagie, Mama! Ikiwa moto hivi itapasuka!"

"Nani ameongea ya injini? Leta mukono!"

Akanikamata kifundo kama mbuzi wa mnadani, akamimina maji yote, akinigombeza kila tone.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

Maumivu yakautoa ukweli. "Mguu wako, Mama. Ungechomwa, ungeninyima Phionah. Nampenda."

Akafunga kizibo cha chupa tupu. Tulikaa kivulini mpaka injini ikapoa, ikawaka kwa kukohoa. Alipopanda, hakunishika tena kiuno. Alishika chuma cha nyuma, akasogea mbali kadiri kiti kilivyomruhusu, na mpaka Bwera hakufungua mdomo. Nikajua nimekwisha.

Wazee walikuwa tayari uani. Mama akatangulia ndani, nami nikaubeba mfuko wake wa safari hadi mlangoni. Mama aliponiona hapo, akavuta leso usoni na kukimbilia nyuma ya pazia, mtu yuleyule aliyetoka kunishika mkono porini. Wazee wakatazamana.

Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia, kana kwamba mimi sipo.

"Phionah! Ambia mukwe aweke mufuko inje. Asiingie. Mimi na yeye hatuwezi kuonana uso kwa uso tena."

Kwetu mama humkimbia hivyo mtu mmoja tu, mume wa binti yake. Mzee mmoja akaanza kucheka, na Phionah akatokea mlangoni akijifuta macho. Nikauweka mfuko nje, kiganja kikiwaka moto, na tangu nizaliwe sijafukuzwa mlangoni nikafurahi kama siku ile.