Uzito wa Lugano

Lugano alikuwa na kilo mia moja na themanini. Sitini na nne zilikuwa zake, mwili pamoja na nguo. Zilizobaki zilikuwa maneno aliyotumwa na hakuyafikisha.

Vipimo hivyo vilitoka kwenye mizani ya magunia, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya baba yake pale Busale. Hakuwa mnene. Suruali yake ilikuwa ile ile ya siku zote, na mbavu zake zilihesabika akivua shati. Lakini alikuwa amevunja kitanda cha mninga, na kanisani alikuwa amevunja benchi katikati ya matangazo, mchungaji akaendelea kusoma. Mvua zilipoanza, kila alipokanyaga uani aliacha shimo, shimo likajaa maji, na bata wakaja kuoga.

Eliud wa bodaboda alikataa kumbeba.

"Mimi kaka nabeba mtu mmoja," alisema. "Wewe una wenzako humo ndani."

Mashine ilikuwa ya mzee Asajile, baba yake Lugano. Aliyeiendesha kila siku alikuwa Sekela, mke wa Lugano, binti wa wafanyabiashara wa Kasumulu. Mzee na Sekela hawakuwa wamezungumza hata mara moja tangu harusi. Mila ya zamani ya Wanyakyusa inasema mke wa mtoto asikutane na baba mkwe, asimtazame, asitaje jina lake. Busale nyumba nyingi zilishaiacha. Kwa jirani yao Anyisile, mkwe alikuwa akimmiminia baba mkwe wake maji ya kunawa na hakuna aliyekufa. Mzee Asajile hakuiacha. Alipokuja kwenye mashine alianza kukohoa tangu barabarani, na Sekela akaenda nyuma ya lundo la pumba, akageukia migomba mpaka mzee aondoke. Miaka ya mwanzo alifanya hivyo kwa heshima. Baadaye alifanya kwa chuki, na kwa mtu anayetazama hakukuwa na tofauti.

Simu walikuwa nazo wote wawili. Mzee alisema sauti ya mkwe sikioni ni mbaya kuliko sauti ya mkwe uani, maana uani kuna upepo. Ujumbe wa maandishi hakuweza kuusoma mwenyewe, macho yalishachoka, na wa kumsomea alikuwa Lugano.

Kwa hiyo kila jambo lilipita kwa Lugano. Mwanzoni alifikisha yote. Kisha akagundua kwamba matusi hufika kirahisi. Sekela aliposema, "Mwambie baba yako hata mashine huwa inazimwa," mzee alisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa mzigo aliouagiza, akatoa jibu lake, kazi ikaisha. Neno jema lilikuja na maswali. Wakati mzee alipoumia mguu shambani, Lugano alimpelekea pole ya Sekela.

"Pole?" mzee aliuliza. "Anataka nini?"

"Hataki kitu, tata," Lugano alimjibu baba yake.

"Kakutuma, au umejitungia mwenyewe?"

"Kanituma."

"Mwanamume mzima unazungusha pole ya mwanamke kama muuza visamaki vya usipa."

Tangu hapo Lugano alifikisha matusi siku ile ile. Mema, maonyo na maombi aliyaweka, akisubiri siku nzuri.

La kwanza kuliweka lilikuwa la msibani. Mama yake Lugano aliugua muda mrefu, na Sekela ndiye aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akamtafunia nyama alipoishiwa meno. Siku ya mazishi mzee Asajile alimvuta mwanawe pembeni ya ghala. "Mwambie mkeo ndaga fijo," alisema. Hiyo ni ahsante sana kwa Kinyakyusa, na mzee hakuwa mtu wa kuitumia ovyo. "Mwambie nimeona." Lugano alimkuta Sekela akigombana na mashangazi juu ya sukari ya msiba, akaona asubiri atulie. Sekela hakutulia. Matanga yalipoisha alikuwa bado anasubiri neno kutoka kwa mzee, na neno halikuja.

"Mbwa akifukuza mwizi anatupiwa mfupa," alimwambia mumewe. "Mimi nimembeba mama yenu mpaka kaburini, baba yako hata hajakohoa vizuri. Kamwambie hivyo."

Lugano alikwenda kumwambia hivyo kabla ya chakula cha mchana.

"Nimeshashukuru," alisema mzee. "Anataka nipige magoti? Mwambie sipigi."

"Anasema hapigi magoti," Lugano alimwambia mkewe.

Mwaka ulioanza na hayo ndio uzito nao ulipoanza.

Sekela ndiye aliyempima. Alisoma mizani, akafuta kioo chake kwa upindo wa kitenge, akasoma tena.

"Umebeba nini, Baba Doreen?"

"Maneno."

"Ya nani?"

"Yenu. Ya kwako na ya baba."

"Ya kwake usiyatue humu ndani," alisema Sekela. "Nimeshapiga deki."

Lugano akaenda kwa baba yake na maneno ya Sekela, huku njia ikititia chini yake.

"Ya mkeo hayo?" mzee aliuliza bila kuinua kichwa. "Aliyokwisha kuniletea yananitosha. Baki nayo. Wewe ndiye uliyemuoa."

"Mengine siyo matusi, tata."

"Basi kuna shida ndani yake."

Lugano akarudi nayo. Watu wa Busale walizoea. Walimwita kupima ugumu wa barabara kabla ya lori la mpunga kupita. Alipotangulia yeye bila kuzama, dereva alifuata.

Mwezi wa tano, mpunga mpya ulipoanza kuingia, Sekela aliuona mkanda wa mashine umechanika upande wa ndani. Nyuzi zilikuwa zimetoka kama ndevu. Alizima, akafunga mlango, akamwita mumewe.

"Sikiliza, na hili ulifikishe. Mwambie mkanda umechanika. Asiwashe mpaka tununue mwingine Kyela. Na akiwasha kwa ubishi wake, asiusukume kwa kiganja. Nyuzi zitamshika."

Hilo lilikuwa na maana yake. Mzee Asajile alikuwa na tabia ya kuusaidia mkanda. Ukiteleza kwenye gurudumu, aliusukuma kwa kiganja cha mkono wa kulia mpaka ukamate. Alikuwa amefanya hivyo tangu mashine ikiwa mpya, na kiganja chake kilikuwa na ngozi nyeusi, laini kama kiatu. Kava la mkanda alilitoa mwenyewe kwa sababu lilimzuia kufanya hivyo.

Lugano alimkuta baba yake akigeuza kakao juani juu ya turubai.

"Tata, kuhusu mashine."

"Kama katuma mkeo, niambie tusi lake niendelee na kazi."

"Siyo tusi."

"Ondoka kwenye turubai langu. Unapasua kakao."

Lugano alitazama chini. Punje zilikuwa zimepasuka pande zote za miguu yake. Akatoka taratibu ili asizidishe hasara, na alipofika nje ya turubai mzee alikuwa amempa mgongo. Jioni ile mizani ilisema mia moja themanini na tisa. Sekela alimwuliza kama amefikisha. Alijibu kwamba baba yake alikuwa na kazi.

"Kesho?"

"Kesho."

Kesho yake mvua ilinyesha, na mzee hakutoka. Siku iliyofuata Anyisile alifika kwenye mashine akisukuma baiskeli yenye gunia mbili za mpunga, akamkuta Sekela amekaa mlangoni.

"Mbona kimya, Mama Doreen? Mashine mbovu?"

"Mbovu."

"Au mmeamua tule mpunga na maganda yake?"

"Tafuna tu. Meno si unayo."

Anyisile alicheka, akageuza baiskeli. Njiani alipita kwa mzee Asajile kumsalimu, akamwambia mkwe wake amefunga, anasema mashine mbovu.

"Mashine ni nzima," alisema mzee. "Mwenye ubovu namjua. Rudisha gunia zako."

Alikuja akikohoa. Sekela alikwenda nyuma ya lundo la pumba, akageukia migomba. Lugano alikuwa ng'ambo ya ua, akitengeneza mfereji, na mvua ya jana ilikuwa imemzamisha mpaka kwenye goti. Mzee alifungua mlango kwa ufunguo wake, akamimina mpunga wa Anyisile, akawasha.

Mkanda ukaanza kuteleza. Unapoteleza hulia, na Sekela aliijua sauti ile kuliko ya mtoto wake. Hakuweza kutaja jina la mzee, na hakuwahi kumwita kwa namna nyingine yoyote. Aliokota debe tupu, akalipiga kwa jiwe.

"Unamsikia?" mzee alimwambia Anyisile kwa kelele, juu ya mngurumo. "Ananipigia debe kama nyani kwenye mahindi."

"Labda anakuita, baba."

"Mkwe haniiti."

Lugano alilisikia debe akajua. Alikimbia. Hatua ya kwanza ilizama mpaka paja, ya pili vivyo hivyo, na kila aliponyanyua mguu tope lilimrudisha. Alipiga kelele, "Tata, mkanda." Mashine ilikuwa na sauti kubwa kuliko yeye. Debe liliendelea kupigwa. Mzee Asajile alinyoosha kiganja chake, kama alivyofanya miaka yote, akausaidia mkanda.

Aliyezima mashine ni Sekela. Alitoka nyuma ya pumba, akaenda moja kwa moja kwenye swichi, kisha akamwendea mzee. Mzee alipomwona anakuja aligeuza uso ukutani. Sekela alivua kitenge chake cha juu, akaelekeza uso wake kwenye migomba, akaanza kufunga mkono wa mzee kwa kupapasa. Damu ilipita kwenye pumba ikatengeneza donge.

"Semeshaneni basi," alisema Anyisile. "Mtu anaisha."

"Mwambie Lugano amwambie anyooshe mkono," alisema Sekela, akitazama migomba.

Lugano alikuwa amefika mlangoni, tope mpaka kiunoni. "Tata, anasema nyoosha mkono."

"Mwambie nimenyoosha," mzee aliuambia ukuta.

"Amenyoosha."

Kitenge kilifungwa vizuri, damu ikapungua. Eliud alimpeleka mzee hospitali na Anyisile akakaa nyuma kumshikilia. Lugano hakwenda, kwa sababu pikipiki ilikuwa moja na hapakuwa na mtu wa kumnyanyua.

Mzee aliporudi nyumbani, Lugano alisimama mlangoni kwake, juu ya jiwe, akalitoa onyo lote bila kupunguza neno: mkanda umechanika, asiwashe, asiusukume kwa kiganja, nyuzi zitamshika.

Mzee aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji. Ulikuwa mfupi kuliko zamani.

"Alisema lini haya?"

"Kabla."

"Mwambie nimeyapata."

Mizani ilishuka kilo tisa. Kwa kuwa alishaanza, Lugano alienda na lile la msibani. Alimkuta Sekela anapepeta mchele.

"Baba alisema ndaga fijo, kwa ajili ya mama. Alisema ameona."

Ungo haukusimama. "Alisema lini?"

"Siku ya mazishi."

Sekela alipepeta mpaka mchele ukawa safi, akautazama, akaumwaga kwenye ndoo.

"Na lile langu la mbwa ulilifikisha lini?"

"Siku ile ile niliyotumwa."

"Haya. Mrudishie ndaga yake. Mwambie imechacha."

Ile ndaga ilikuwa na kilo arobaini, na mizani ikabaki mia moja arobaini. Lugano aliirudisha asubuhi ile ile. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Nilijua tu," alisema. Lugano alipokuwa anageuka, mzee aliongeza, "Mwambie kitenge chake kimefuliwa. Damu imetoka yote. Akihitaji, kipo."

Lugano alisimama kidogo njiani akafikiria jinsi Sekela atakavyopokea. Atauliza nani kakifua, na kwa nini, na kama mzee anadhani kitenge kinatosha. Aliamua kusubiri siku nzuri.

Mkanda mpya ulinunuliwa Kyela na mashine ikawashwa. Mzee bado anakohoa tangu barabarani, na Sekela bado anakwenda nyuma ya pumba. Mbele ya mlango wa mashine wamemwaga zege, duara dogo, ili Lugano apate pa kusimama mvua ikinyesha.

Hasara ni hii. Kitanda kimoja cha mninga na benchi moja la kanisa. Gunia mbili za mpunga wa Anyisile, zilizoingiwa na damu, wakapewa bata. Vidole vitatu vya mkono wa kulia na nusu ya kiganja. Ndaga moja. Kitenge kimoja, kilichokunjwa kwa mzee Asajile, juu ya sanduku la nguo la marehemu mkewe, ambacho Sekela hajui kama kipo. Na Lugano, alipopimwa mara ya mwisho bila viatu, alikuwa na kilo mia moja arobaini na sita.