Jina Lililotajwa Makaburini

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Jamii. Kwa miaka ishirini na sita nimewafundisha watoto wa Bombambili kwamba utawala wa Wajerumani ulikwisha. Nilikuwa nawadanganya, ila nimelijua hilo Alhamisi iliyopita.

Jirani yangu Walburga, fundi cherehani, alinijia na barua. Kamati ya serikali ilikuwa inaandikisha wajukuu wa wapiganaji wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani hapa Songea na vichwa vyao kupelekwa Ulaya. Huko, kwenye sanduku moja lenye fuvu, ilikutwa karatasi yenye jina la ukoo wa baba yake. Baba huyo, Mzee Isidori, mwenye miaka tisini na mbili, alitakiwa jambo moja tu: autaje ukoo wake kwa kinywa chake mbele ya maofisa. Akiutaja, babu yake angerudishwa azikwe. Asipoutaja, basi tena, maana kamati ilipokea kauli ya mzee wa ukoo tu, na wengine wote wamekwisha kufa.

Shida ni kwamba walijificha. Babu aliponyongwa, familia ilikimbilia kwa jirani ikajiita kwa jina lake, Komba. Tangu hapo kila mtoto alifundishwa kwa fimbo: mtu mwenye daftari akikuuliza, wewe ni Komba. Jina la kweli lilitajwa makaburini tu, kwa sauti ya chini, wakati wa kuzika. Hata kitambulisho cha Walburga kinasema Komba.

Nikajitia ujuzi. Wiki mbili, kila jioni, nilimfanyisha mzee mazoezi kama mtoto wa darasa la tatu. Alinitania kwamba sisi Wanyakyusa tunaweza maswali tu, kazi hatuwezi. Lakini jina alilitaja, mwanzoni akitazama mlango, baadaye bila wasiwasi. Walburga alilia kwa furaha, akaanza kufyeka mahali pa kaburi nyuma ya migomba.

Alhamisi maofisa wakaja, wawili, wapole, na shikamoo zao. Askari aliyewasindikiza, kaki na buti, akasimama mlangoni. Nilimwona. Chuoni nilisoma saikolojia nikafaulu vizuri, na bado sikumwambia yule kijana akasubiri kwenye gari. Sitajisamehe.

Ofisa alifungua daftari. "Mzee wetu, ukoo wako ni upi?"

Mzee alimtazama askari, akanyoosha mgongo. "Komba."

Wakarudia swali polepole. Walburga alipiga magoti akamshika miguu, akambembeleza kwamba hii ni serikali yetu wenyewe, hakuna wa kumnyonga. Mzee akajibu Komba, haraka kuliko mara ya kwanza. Nilipotaka kulitaja mimi, ofisa alinizuia, akisema maneno ya mtu wa nje hayaandikwi. Nikamsihi warudi kesho bila askari. Akasema orodha inafungwa leo, na kweli uso wake ulionyesha huruma. Wakaandika Komba, mzee akaweka dole gumba, wakaaga.

Gari lilipoondoka, Walburga alikwenda nyuma ya migomba, akaketi pale alipofyeka. Nikainuka nimfuate.

Mzee alinivuta mkono nikae karibu. Macho yake yalikuwa yanang'aa; sijapata kumwona na furaha kiasi kile.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "hawakutupata."