Nani Aanze Kubisha Hodi

Bibi Nosrat alipoamua kukimbilia kwa Waingereza, hakwenda kwa kunyata. Alikatiza sokoni asubuhi watu wakiwa wamejaa, amejitanda chadori yake nyeusi, mwanawe Bahador nyuma yake, na nyuma ya Bahador punda aliyebeba magodoro na samovari ya kuchemshia chai. Wauza nguo wa mji wa Khoshkrud waliacha kupima vitambaa wakabaki kumtazama.

"Bibi, safari ya wapi?" mmoja aliuliza.

"Kwa rafiki zetu. Si walisema ni rafiki zetu? Leo tutajua."

Urafiki huo ulikuwa na historia yake. Wakati wa vita kuu, watu wa Mjerumani walipouchochea mkoa mzima na balozi wa Kiingereza wa siku hizo akatimuliwa mjini akiwa na nguo za kulalia, aliyemvusha jangwa hadi pwani alikuwa Morteza-Qoli Khan, mume wa Bibi Nosrat. Balozi alifika salama. Morteza-Qoli Khan alirudishwa amefungwa juu ya ngamia, risasi kifuani. Vita vilipokwisha balozi akarejea na wapanda farasi wake wa Kihindi, na mbele ya wakubwa wa mji akamwahidi mjane kwamba mlango wa nyumba ya ubalozi hautafungwa kwake wala kwa mwanawe maadamu bendera ingali inapepea. Watu walilia. Bibi Nosrat hakulia, ila maneno yale aliyaweka.

Sasa Tehran ilikuwa imemleta gavana mpya, Kanali Zolfaqari, na Kanali alikuwa ameipenda bustani ya komamanga ya Bibi Nosrat. Aliipenda kwa namna wakubwa wanavyopenda vitu: alituma watu wakaipime. Bahador akawafukuza, mmoja akatumbukia kwenye mfereji. Mchana ule ule tukio likabatizwa jina, uasi wa kutumia silaha. Silaha yenyewe ilikuwa sepetu. Lakini mwasi hupigwa risasi, awe na bunduki au sepetu.

Balozi wa sasa aliitwa Bwana Crowther-Lisle. Kwa cheo alikuwa balozi mdogo, na hilo neno "mdogo" lilimwasha kama upupu. Kazi zake zilikuwa kupandisha bendera, kuwinda kwale, kuiandikia Tehran kila Mrusi alipokohoa, na zaidi ya yote kuilinda heshima yake. Kiajemi alikijua kiasi cha ubeti mmoja kuhusu waridi, aliofundishwa huko kwao, na alimsomea kila mtu, hata fundi wa kupigilia farasi vyuma vya kwato.

Tangu Kanali aje, wawili hao hawakuwahi kusalimiana. Balozi alisema mgeni wa mji ndiye aanze kumtembelea mwenyeji. Kanali alisema mwenyeji wa nchi hii ni Mwajemi, na zama za gavana kumbishia hodi Mwingereza zimepita. Basi majira yote ya joto, watu wazima wale walipokutana barabarani, kila mmoja aligeuza uso akatazama ukuta wake.

Bibi Nosrat alimkuta Balozi bustanini, raketi mkononi. Aliyetafsiri alikuwa Mirza Abutaleb, karani wa ubalozi, mtu mpole mwenye kikohozi cha woga.

"Mwambie nimekuja kwa ile ahadi," alisema Bibi.

Balozi akasoma ubeti wake wa waridi. Kisha akasema maneno mafupi, akaashiria kwa raketi upande wa banda.

"Bwana anasema nyumba ni yako, Bibi."

"Nyumba ipi? Ile inayonuka farasi?"

"Hiyo hiyo, Bibi."

Wakakaa bandani. Bibi Nosrat alisafisha, akatandika, akachemsha chai, na moyoni akampa mtu yule mwekundu haki yake. Alikuwa baridi na mpumbavu, lakini mlango hakuufunga. Wiki zikapita. Askari wa Kanali walizunguka nje ya ukuta wasithubutu kuingia.

Alasiri moja Mirza Abutaleb alikuja akakaa kizingitini. Chai aliyopewa ikapoa mkononi mwake.

"Mirza, umekaa kama mtu aliyemeza kokwa. Tema."

"Bibi, Kanali amekubali kuja. Kumtembelea Balozi. Aanze yeye. Kesho alasiri, na upanga na nishani zake zote."

"Na huo unyenyekevu kaupata wapi?"

Mirza alikohoa, akatazama viatu vyake. "Wakimaliza chai, ataondoka na Bahador."

Bibi Nosrat aliweka kikombe chini taratibu. Kumbe yeye na mwanawe hawakuwa wageni. Walikuwa kuku waliofungwa miguu, wakinenepeshwa mpaka mnunuzi afike bei. Na bei yenyewe si mali wala ardhi, ni nani atangulie kupanda ngazi za nani.

"Balozi anasemaje kuhusu ahadi?"

"Anasema hili ni jambo la ndani la Waajemi, na Waingereza hawaingilii mambo ya ndani."

Bibi alicheka hadi punda akageuza masikio. "Hawaingilii! Mume wangu alikufa kwenye mambo ya nani, ya mwezini?"

"Bibi, tafadhali, sauti."

"Na wewe umeyatafsiri yote hayo? Ulimi haukuteleza hata kidogo?"

"Mimi mdomo tu, Bibi."

"Basi kaufute, una makombo ya keki yake. Nenda kamwambie bwana wako nimefurahi kusikia anapata mgeni."

Bahador hakuambiwa kitu. Asubuhi Bibi Nosrat alitoka peke yake, akampitia Imamu wa Ijumaa nyumbani kwake, akamtoa kwenye kifungua kinywa chake, na pamoja wakaingia kwa Kanali. Walimkuta anang'arishiwa upanga.

"Bibi! Umewakimbia rafiki zako?"

"Rafiki zangu wanaoka keki kwa ajili yako. Nimesikia leo unakwenda kuinama kwenye kile kizingiti."

"Si kuinama. Ni ziara ya heshima."

"Sokoni hawajui tofauti. Wanasema kanali mzima wa serikali anakwenda kumpigia hodi Mwingereza, kisa kijana mwenye sepetu."

Masharubu ya Kanali yalicheza. Imamu akajifanya anahesabu tasbihi.

"Unataka nini, mwanamke?"

"Wewe unataka bustani. Ichukue, na maji yake." Ile mikomamanga marehemu mumewe aliipanda kwa mikono yake, na kaburi lake lilikuwa katikati ya miti hiyo. Akajitanda chadori vizuri, akaendelea. "Mwanangu si mwasi. Useme mbele ya Imamu, mkono juu ya Kurani, sasa hivi. Halafu alasiri lala nyumbani kwako, usimtembelee mtu."

Kanali alitafakari kwa muda mfupi sana. Bustani bila aibu, nani angekataa? Akaapa.

Alasiri jua lilikuwa la kukaanga yai. Bwana Crowther-Lisle alisimama barazani ndani ya koti zito la sherehe, nakshi za dhahabu hadi shingoni, kichwani kofia yenye manyoya meupe kama jogoo. Viti vilipangwa, keki zikapangwa, na wapanda farasi wa Kihindi wawili waliobaki walisimama wima langoni. Nzi ndio waliotangulia kufika. Jasho lilimtiririka Balozi mpaka kidevuni, naye hakuthubutu kulifuta, Kanali asije akaingia dakika hiyo.

Waliokuja ni Bibi Nosrat, Bahador na punda, magodoro yamekwisha fungwa. Njia ya langoni ilipita hapo hapo mbele ya baraza.

"Bwana anauliza mnakwenda wapi," alisema Mirza.

"Nyumbani."

"Anasema kijana asiondoke mpaka Kanali afike."

"Mwambie Kanali amelala. Kijana ni huru, Imamu ni shahidi. Na mwambie haji leo, haji kesho."

Safari hii Mirza hakutia sukari. Alitafsiri yote. Uso wa Balozi ukaiva kama nyanya. Bibi Nosrat alipanda ngazi, akakaa kwenye kiti cha Kanali, akaonja keki.

"Kavu," alisema, akairudisha sahanini, akashuka.

Balozi aliripoti Tehran kwamba kwa subira na busara yake mgogoro ulikwisha bila damu. Mirza aliyeinakili ripoti aliisimulia kwa soko zima. Kabla ya baridi kuanza Balozi akapandishwa cheo, akahamia mji wenye uwanja bora wa tenisi. Kanali akaing'oa nusu ya mikomamanga apate uwanja wa gwaride.

Kwa kuwa nyumba yao ilikuwa ndani ya bustani, Bibi Nosrat na mwanawe walipanga vyumba nyuma ya karakana za watia rangi. Bahador aliposikia habari za miti alipiga ngumi ukutani.

"Bora ungeniacha nipigwe risasi, mama, kuliko kumpa yule nguruwe kaburi la baba."

Bibi Nosrat alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba yako naye alikuwa hodari wa kufa. Mimi nimechoka kuzika mashujaa. Chukua mtungi, kalete maji."

Bahador aliuchukua mtungi.