Dhamana ya Siku Saba

"Hivi, jirani, mtu huuza chombo cha kazi akanunua cha kuchezea?"

Aliuliza hivyo muuza mayai wa mlango wa pili, siku alipoona ovaloki ya mshonaji inatolewa nje imeviringishwa shuka na kupandishwa mkokotenini. Mshonaji alisaidia kukaza kamba. Ovaloki ndiyo mashine inayofunga kingo za nguo zisichomoke nyuzi, na kwa mjane mwenye cherehani moja tu zaidi ya hiyo, kuiuza ni kujikata mkono. Hilo alilijua kuliko muuza mayai. Lakini alikuwa amemtazama binti yake miezi minne, na alichokiona hakikuwa cha kumweleza jirani kizingitini.

Binti huyo mtaa mzima walimwita Chapuchapu, kwa ajili ya vidole vyake. Alikuwa akifanya kazi katika ukumbi wa michezo ya kompyuta: anafagia, anapokea wateja, na viti vikiwa vitupu anakaa kucheza. Alicheza mpaka akawa anawafunga waliomfundisha. Kisha ukumbi ukafungwa. Tangu hapo akawa mtu wa kulala ameelekea ukuta. Chakula anakidonoa. Ukimuuliza neno anakujibu nusu. Kila asubuhi mama alisimama kwanza mlangoni pake asikilize kama anapumua, ndipo aende kusali.

Ujumbe ukaja. Timu moja ya wachezaji wa kulipwa ilitaka kumjaribu: mechi za siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi, kila mtu acheze kwao kwa kompyuta yake. Akifaulu, ana mshahara wa mwaka mzima. Asipotokea, jina linafutwa.

"Nikiikosa hii, mama," alisema, "mimi usinihesabu tena."

Hakulia. Alisema kama mtu anayekutajia saa, na hapo ndipo mshonaji alipoogopa. Ovaloki ikaenda.

Duka la fundi Bisibisi lilikuwa chumba chembamba, kompyuta kuukuu zimepangwa mpaka darini. Mshonaji, binti yake nyuma, akalielekea moja kwa moja sanduku kubwa lenye taa za kila rangi.

"Hii hapa. Inang'aa."

"Huyo ni bibi harusi, mama," Bisibisi akasema bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Taa haziongezi mbio. Ya kuchezea inataka kadi ya picha yenye nguvu, na hiyo haina. Mtilie mchezo wake humo, utakwenda kama konokono mwenye baridi yabisi."

Chapuchapu akacheka. Mama yake akageuka upesi kumtazama, akaogopa hata kutabasamu, asije akakifukuza kile kicheko.

Bisibisi akavuta chini ya meza sanduku jeusi lenye mikwaruzo. "Sura hana, kifua anacho." Akaliwasha, akamwachia binti ajaribu. Vidole vikaruka. Pesa ya ovaloki ikatosha, ikasalia kidogo ya kununua kibodi iliyong'oka herufi moja.

"Herufi gani?" mshonaji akauliza.

"Q."

"Hiyo sisi tuna kazi nayo?"

"Ninayo mimi," binti akasema. "Nitabonyeza shimo lake."

Walipokuwa wanaondoka, Bisibisi akawaambia, "Dhamana siku saba. Ikifa yenyewe, nawabadilishia. Na muitunze. Adui yake mkubwa ni vumbi."

Neno hilo mshonaji alilishika. Vumbi alilijua. Nyumba ya mshonaji ni nyuzi na manyoya ya vitambaa, hata maji ya kunywa yasipofunikwa hushika utando. Ndiyo maana kila Ijumaa alasiri, tangu alipofundishwa kazi, aliifungua cherehani yake, akaipiga brashi, akaifuta kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, akaitia mafuta. Cherehani ilikuwa na miaka ishirini na miwili na haijawahi kumwona fundi.

Ijumaa ilipofika, Chapuchapu alitoka kwenda kununua bando la intaneti. Mama akamaliza cherehani, akaitazama kompyuta. Matundu yake yalikuwa yameshaota manyoya. Akaona hata aibu: mtoto ana safari kesho, na punda hajaogeshwa. Akalegeza skrubu mbili kwa vidole, ubavu ukafunguka. Mafuta aliyafikiria akayaacha, kwa kuwa Bisibisi hakuyataja. Akachukua kitambaa kilekile, akakisuuza, akakikamua, akafuta taratibu kila pembe, akimwombea binti yake. Waya hakuuchomoa ukutani. Kompyuta ilikuwa imezimwa, na kwake kitu kilichozimwa kimezimwa. Mara moja kitu kililia ndani, tss, kama tone limeangukia pasi. Akasubiri. Pakawa kimya. Akafunga. Binti alirudi giza limeshaingia, akalala mapema ili aamke na nguvu.

Asubuhi, saa moja na nusu, Chapuchapu aliiwasha. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Cheusi. Akachomoa nyaya zote, akazirudisha moja moja.

"Mama, jana ilikuwa inafanya kazi. Jana asubuhi nilicheza. Ilikuwa inafanya kazi, mama."

Mshonaji alisimama na kikombe mkononi. Ile tss ilikuwa imemrudia masikioni. Akasema tu, "Mpigie fundi."

Bisibisi alipopigiwa simu alikuja mbio, sanduku jingine limefungwa nyuma ya baiskeli. Akafungua lile jeusi, akachungulia kwa tochi, akanusa, akajaribu hili na lile. Maji ya kitambaa yalikuwa yamekauka zamani na hayakuacha alama.

"Kadi imekufa," akasema. Akavua miwani. "Mnisamehe. Hii kadi niliibandika upya mimi mwenyewe, pengine nilikosea. Nimewatia hasara siku ya kazi."

Tayari alikuwa anaunganisha nyaya za lile sanduku jingine. "Hii ni ya mteja, ameshalipa nusu, anaichukua leo saa nane. Nitajua la kumwambia. Nitamrudishia pesa yake niendelee na maisha. Dhamana ni dhamana. Kaa, mdogo wangu, jaribu."

Kioo kikawaka. Chapuchapu akavuta pumzi kama aliyetolewa majini. Saa tatu kasoro robo. Akaingiza jina lake, na upande wa pili wakaandika kwamba wamemwona, asubiri.

Mshonaji aliangalia mgongo wa binti yake, jinsi ulivyonyooka. Akajiambia hajasema uongo, kwa kuwa hajaulizwa. Akajiambia Bisibisi ana duka zima, yeye ana mtoto mmoja. Akamwomba Mungu amwache leo tu, aje amdai kesho. Mwenye njaa hana miiko, na yeye njaa yake ilikuwa imekaa pale kwenye kiti ikisubiri mechi.

Bisibisi akainama kukusanya vifaa vyake. Soli ya kiatu chake kimoja ilikuwa imefungwa kwa waya wa kompyuta. "Mama," akasema tena, "nisamehe, kweli. Sijazoea kumuuzia mtu kitu kibovu."

Angekuwa amekasirika, mshonaji angevumilia. Lakini mtu akuombe radhi kwa kosa ulilolitenda wewe, nawe uipokee?

"Hukukosea wewe, baba," akasema. "Niliifuta jana. Kwa kitambaa cha maji. Waya ulikuwa ukutani."

Bisibisi akabaki na bisibisi mkononi. Akalitazama lile sanduku jipya, akamtazama binti, akatazama chini.

"Mama, kama ni langu, ningebeba," akasema polepole. "Yule mteja naye... Sijui niseme nini. Kama mna chochote cha kuanzia kulipia."

"Hatuna."

"Ungeniambia jana," Chapuchapu akasema. Hakugeuka. "Jana ningetafuta hata ya kuazima."

"Jana sikujua, mwanangu. Nimejua asubuhi."

"Na asubuhi yote hii umekaa kimya. Kisha ukasema sasa."

Kwenye kioo, namba zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma kuelekea saa tatu. Bisibisi alifungua mdomo, pengine aseme acheze kwanza mpaka saa nane, pengine aseme lingine. "Hii ni ya mtu," Chapuchapu akasema bila kumngoja. Aliizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akaukunja vizuri duara kwa duara, akamwekea fundi juu ya sanduku lake. Akavaa kandambili zake, akampita mama yake mlangoni bila kumgusa, akatoka.