Jicho la Upepo

Fundi wa madirisha alikuwa amewawekea watu madirisha mtaa mzima, hadi banda la kuku la jirani, lakini chumba cha mama yake mzazi hakikuwa na hata tundu. Msimcheke kwanza. Mama alipopofuka, wanawe walikaa kikao wakampa iliyokuwa stoo, jirani na choo, asije akajikwaa. "Haoni, dirisha la nini?" alisema fundi mwenyewe, wote wakaitikia. Tangu ahamie humo mama kanyamaza kimya. Chakula anakionja tu, anasukuma sahani. Roho ilimuuma fundi, hajui afanyeje.

Mchana mmoja mkewe, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa akiandaa somo.

"Baba watoto, unajua neno window limetoka wapi?"

"Karakana kwangu."

"Acha utani! Watu wa kaskazini ya mbali, enzi hizo, walisema 'jicho la upepo'. Vioo hawakuwa navyo. Tundu tu ukutani, upepo uingie, moshi utoke. Waingereza wakalichukua neno hilo kwao."

"Jicho la sisi kuonea nje?"

"Mimi naona la upepo kutuonea sisi."

Fundi akaguna, akaenda zake kujilaza. Usingizi ukampitia, akauona upepo unatembea mtaani taratibu kama mgeni anayeulizia nyumba, unachungulia kila dirisha alilotengeneza, unawasalimu waliomo. Ulipofika kwake ukapapasa ukuta wa stoo, ukapapasa tena, ukapita. "Mama yumo humo!" alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Akaamka shati limelowa jasho.

Hakumuuliza mtu. Alichukua nyundo na tindo, akamfunika mama shuka, akaanza kubomoa.

"We mwanamume, una wazimu? Si upime kwanza!" mkewe alimaka.

Mtu wa kupima mpaka milimita, leo anagonga tu. Tofali likaangukia nje, na upepo ukaingia na vumbi lake, harufu ya nguo mbichi kambani, na kelele za watoto.

Mama akajifunua. Akainuka, akapapasa hadi kwenye tundu, akaweka uso wote.

"Mvua inakuja," akasema. "Anueni nguo."

Wakamkodolea macho. Naye akautafuta mkono wa mwanawe, akaushika na vumbi lake.

"Mwanangu, mimi nilidhani mmeshanizika."

Fundi akakaa juu ya kifusi, akalia mbele ya mkewe bila haya.