Grinda ya Baba Stella

Jumamosi asubuhi, baada ya chai na viazi vitamu, Bernard alivaa ndala, akafungua kinga ya bati kwenye grinda yake ya kukatia chuma na kuitupa juu ya banda la kuku, kisha akafunga diski kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine. Swichi akaizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, mizunguko minne, ili kidole kisichoke. Pale Visiga kila mwanamume mwenye grinda hufanya hivyo. Anayekata na kinga huulizwa kama grinda hiyo alinunuliwa na mkewe.

Alikuwa anakata nondo za geti. Binti yake, Stellamaris, angeolewa baada ya wiki tatu, huko Kisarawe kwa wakwe, na Bernard hakutaka mtoto atoke kwenye nyumba yenye geti la mabati chakavu.

"Baba Stella, na ile miwani?" aliuliza mkewe, Elinipa.

"Ipi?"

"Ya kukinga macho. Si ulinunua?"

"Ile naendea kanisani."

Saa nne nondo ya mwisho ilikatika. Bernard akataka kuzima, grinda haikuzima. Akataka kuiweka chini, mikono yote miwili ikakataa kuachia. Elinipa akachomoa waya ukutani. Grinda ikaendelea. Akaja kwa nyuma na kisu cha vitunguu, akaukata ule mpira. Mpira ukaanguka mchangani, grinda ikaendelea.

"Imeshazoea," alisema Bernard.

"Naona," alisema Elinipa, akaenda kuepua maharage.

Mchana Elinipa alipanda ngazi akaishusha kinga kutoka bandani, akajaribu kuirudisha mahali pake. Haikuingia. Diski ilikuwa kubwa.

Jirani yao Hashiru, fundi wa madirisha, alikuja kutazama. Alizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Hiyo ni ya kawaida, shemeji," alimwambia Elinipa. "Kaka yangu kule kijiji cha Janga, grinda yake iliimba miezi minane."

"Ikazimwaje?"

"Haikuzimwa. Majirani walilalamika, akahamia shambani."

Kisha akauliza kama, kwa kuwa mashine imeshawaka, anaweza kuleta vyuma vyake viwili vitatu vikatwe. Akaleta kumi na saba. Jumatatu alikuja mwenyekiti wa mtaa kusikiliza tatizo, naye akaja na bomba la tangi begani. Umeme ulikatika siku mbili Visiga nzima. Watu wakasema afadhali Bernard. Kazini kwake Kibaha walimtuma karani na karatasi za likizo, na kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi, alisaini kwa dole gumba la mguu. Karani akapuliza wino ukauke, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Elinipa alimlisha mumewe kwa kijiko, akisimama ubavuni. Mbele ya Bernard hakuna aliyepita tena, hata kuku. Kuku wana akili kuliko watu wanavyowasema.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomkaa rohoni mama huyo. Tangu mahari ilipopokelewa, Bernard na binti yake walikuwa wakifanya mazoezi kila Jumapili kwenye ukumbi wa nyumba yao, mkono kwa mkono, hatua kwa hatua, kutoka mlango wa choo hadi kwenye friji. Friji ndiyo ilikuwa altare.

"Mama Stella," Bernard alisema siku moja, wiki ya tatu, "sitamshika mtoto."

"Bado siku nne."

"Sitamshika."

Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Elinipa alimfuta kwa nyuma, kwa upindo wa khanga, akipapasa kama mtu atafutaye swichi gizani.

Siku ya harusi walimsimamisha nyuma ya pikapu, wakamfunga kamba kiunoni asidondoke. Njiani trafiki aliwasimamisha, akakagua leseni na mtungi wa zimamoto, akawatakia safari njema. Kanisani waliwahamisha waimbaji wa safu ya kwanza, na padri akaongeza sauti ya kipaza. Bernard alitangulia, ameinyanyua grinda mbele yake inanguruma. Stellamaris alifuata nyuma, kashika pindo la koti la baba yake kwa vidole viwili. Elinipa aliikusanya shela yote kifuani kwake, asiiachie hata uzi. Walipofika altareni padri aliuliza ni nani anayemkabidhi binti huyu. Bernard akatikisa kichwa kukubali. Stellamaris aliliachia lile pindo, akaenda.

Kwenye chakula, baba wa bwana harusi, mzee Isaya, alivuta kiti karibu na Bernard, upande wa mgongoni.

"Mkwe, wanasema ulifunga swichi kwa mpira. Mizunguko mingapi?"

"Usifunge, mkwe," Elinipa alidakia. "Na kinga usiitoe. Si unaona?"

"Naona, mkwe, naona. Ila mimi nafunga kwa kazi ndogo tu. Kibanda cha mbuzi."

"Minne," alisema Bernard. Alikuwa ameulizwa na mkwe, na siku ya harusi mkwe hanyimwi jibu. Elinipa alimtazama kisogo muda mrefu.

Jumanne asubuhi simu ya Elinipa iliita. Alikuwa mzee Isaya, akiongea kwa kupaza sauti. Mkewe ndiye aliyemshikia simu sikioni, maana alisikika akiambiwa asogee kushoto.

"Habari za huko, mkwe?"

"Nzuri, mkwe. Za huko?"

"Nzuri tu." Nyuma ya sauti yake grinda ilikuwa inanguruma. "Nilikuwa nauliza. Kulala, mnalalaje?"

Elinipa alitazama uani. Watu watatu walikuwa wamekwishapanga foleni na nondo zao, na wa kwanza alikuwa amevaa ndala.

"Tafuta ukuta, mkwe," alisema. "Egemeza mgongo. Ukiota, usijigeuze."